Foleni ya magari ikae ndani ya parsele: jibu kwa mama wa Kampemba

Swali: Baba arkitekti, nina parsele ya mita 20 kwa 40 katika komine ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Mbele yake ni barabara ya lami. Nataka kujenga resto ya kuku wa kuchoma, kama mita za mraba 140, yenye dirisha ambapo mteja anapokea chakula bila kutoka ndani ya gari. Ofisi ya urbanismu, ile ya mipango ya mji, inanidai plan inayoonyesha parkingi na foleni. Kijana wangu amesoma kwenye intaneti kwamba resto ya ukubwa huo inatakiwa nafasi 15 za magari. Ni kweli? Na foleni nayo iwe ya mita ngapi? Kwa nini nisiache wateja wasimame nje, kando ya ukuta, kama wanavyofanya wengine?

Jibu: Mama, nianze na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yote yanategemea jibu lake.

Katika nchi yetu ya Kongo ardhi ni ya Serikali. Ndivyo inavyosema sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Ulichopewa wewe ni haki juu ya kipande kilichopimwa, na kipande hicho kinaishia kwenye borne, zile alama za mpaka. Ule ukanda kati ya ukuta wako na lami, penye kanivo ya kupitisha maji ya mvua, njia ya miguu, nguzo za umeme za SNEL na mabomba ya maji ya REGIDESO, ni wa matumizi ya watu wote. Hata kama wewe ndiye unayeufagia na umepanda majani, hauwi wako. Plan inayoweka parkingi pale inajenga juu ya ardhi ya wengine. Ofisi inaweza kuikataa kwa haki kabisa. Na hata ikipita kwa bahati, siku barabara itakapopanuliwa au kanivo kufukuliwa, resto yako inabaki bila parkingi, na huna pa kudai. Tena gari lililosimama barabarani linaangukia kwenye sheria ya usafiri wa barabarani ya 1978, kwa hiyo polisi wa barabarani wakiwaondoa wateja wako huna la kuwajibu. Kuna pia watu wa miguu, ambao mimi nawahesabu kuliko sheria zote hizo: magari yakijaza ukingo, mtoto anayetoka shule anasukumwa kwenye lami, katikati ya mabasi na pikipiki za manseba, wale wanaobeba watu na mizigo kwa malipo.

Kwa hiyo foleni yote na parkingi yote vikae ndani ya borne zako. Kabla ya kulipa mchoro wowote, mwite mpimaji wa kadastri akuonyeshe borne zilipo kweli. Ukuta si ushahidi. Mara nyingi fundi aliusogeza nje kwa mita moja, na mita moja kwa upana wa 20 ni mita za mraba 20 ambazo plan yako inazihesabu na wewe huna. Soma pia sertifika yako au mkataba wako wa ardhi: umeandikwa kwa makazi, kwa biashara, au kwa vyote viwili? Kama ni makazi tu, omba kwanza kubadilishiwa matumizi. Faili la kujenga resto juu ya ardhi ya makazi linasimama pale pale, hata mchoro uwe mzuri namna gani.

Sasa hizo nafasi 15. Kijana wako hakukosea kuhesabu, ila kanuni aliyoichukua si ya hapa. Miji mingi ya Marekani iliandika katika sheria zao za ujenzi kwamba resto iwe na nafasi 10 kwa kila futi za mraba 1,000, yaani nafasi moja kwa kila mita za mraba 9.3 hivi. Gawanya 140 kwa 9.3, unapata 15. Utaratibu huo wa kulazimisha parkingi ulianza zamani: mji wa Columbus, Ohio, uliudai kwa majengo ya kupangisha tangu 1923. Uliandikwa kwa miji ambako karibu kila mteja anakuja na gari. Hapa kwetu wengi watakuja kwa miguu, kwa basi, au watamtuma manseba. Nafasi moja ya gari, ukihesabu na sehemu ya kugeuzia, inakula mita za mraba 25 hadi 30. Nafasi 15 zingemeza karibu 400, nusu ya parsele yako, ili zikae tupu. Na huko zilikotoka, kanuni hizo zinafutwa: Buffalo iliondoa idadi ya lazima mwaka 2017, Minneapolis mwaka 2021. Minneapolis hiyo hiyo, mwaka 2019, ilikataza kabisa kujengwa madirisha mapya ya kuuzia magari, kwa ajili ya usalama wa watu wa miguu na hewa ya mji. Kinachokufunga wewe ni masharti yaliyo kwenye hati yako na yale ofisi ya urbanismu itakayokuandikia. Yaombe kwa maandishi, yenye muhuri, kabla arkitekti hajaanza kuchora. Maneno ya kwenye korido hayana nguvu ofisa akihamishwa.

Foleni ndiyo ya kuitafakari sana. Watu wengi wanadhani urefu wake unatokana na wingi wa wateja. Unatokana zaidi na dakika ambazo kila gari linakaa dirishani. Chukua mfano wa magari 16 kwa saa, wakati wa shughuli nyingi. Kila gari likihudumiwa kwa dakika 2, dirisha lina uwezo wa magari 30 kwa saa. Gawanya 16 kwa 30, unapata 0.53. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe mpaka ishuke chini ya 0.05, ukihesabu ni mara ngapi imetokea. Inatokea mara 5. Toa moja: magari 4, pamoja na lile lililo dirishani. Maana yake, mara 19 kati ya 20 foleni haitazidi magari 4. Kila gari lipe mita 6 za njia, kwa hiyo unahitaji mita 24.

Ongeza nusu dakika tu. Kwa dakika 2 na nusu uwezo ni magari 24, mgawanyo ni 0.67, na foleni inakuwa magari 7, mita 42. Kwa dakika 3 uwezo unashuka hadi 20, mgawanyo ni 0.8, na foleni inaruka hadi magari 13, mita 78. Ikifika dakika 3 na sekunde 45, magari yanaingia sawa na yanavyotoka, na hapo hakuna parsele ya Lubumbashi itakayotosha, maana foleni inarefuka tu. Hesabu hii inachukua kwamba magari yanakuja bila mpangilio na kwamba kila mteja ana muda wake. Ndivyo maisha yalivyo, na ndiyo sababu foleni inatokea hata pale ambapo dirisha lina nafasi ya kupumua.

Namba 16 ni ya mfano. Yako itafute hivi: nenda kwenye resto inayofanana na unayoitaka, kwenye barabara yenye magari kama yako, Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wakiwa wamepata mshahara. Hesabu magari yanayoingia kila robo saa, saa sita hadi saa nane mchana, kisha saa kumi na moja hadi saa moja jioni. Chukua robo saa iliyojaa kuliko zote, zidisha kwa 4.

Dakika zinapotea wapi? Hapa kwetu zinapotea kwenye makuta, yaani pesa. Mteja anatoa dola, muuzaji anaigeuza aone kama imechanika, wanabishana, halafu anatafuta chenji ya franka. Yule anayelipa kwa simu anangoja ujumbe ambao mtandao umeuchelewesha. Weka bei ambazo chenji yake ni nyepesi, andika kiwango cha dola cha siku hiyo kwa herufi kubwa mwanzoni mwa njia, na mpe mfanyakazi mmoja kazi ya kupokea oda na malipo akitembea, gari likiwa bado la tatu au la nne kutoka dirishani. Dirishani ibaki kazi ya kukabidhi tu. Na kuku: haivi kwa dakika mbili. Kama hujachoma kabla ya saa ya watu wengi, dirisha halitakusaidia kitu. Oda ambayo haijawa tayari isizuie wengine. Gari lisogee mbele, likangoje kwenye nafasi yake ya parkingi, mfanyakazi alipelekee.

Tuingie kwenye parsele yako. Simama barabarani ukitazama lango. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kuume, magari ya upande wako yanatokea kuume kwako yakielekea kushoto. Basi mlango wa kuingilia uwe kuume na wa kutokea uwe kushoto, na gari lizunguke jengo kwa nyuma. Usigeuze mpangilio huu hata kama fundi atakwambia ni rahisi kwa sababu ya mti au nguzo: ukigeuza, anayetoka anakata njia ya anayetaka kuingia, na foleni inasimama pande zote mbili.

Acha ukanda wa mita 4 kila upande na nyuma: mita 3.2 za njia yenyewe, zinazobaki ni za bordire, yaani ukingo wa njia, na kulinda ukuta. Katikati unabaki na mita 12 kwa 36. Kwenye kona mbili za nyuma, bordire ya ndani iwe ya mviringo wa nusu kipenyo cha mita 4. Pikapu ya kabini mbili, yenye urefu wa mita 5.3 hivi, itapita bila kurudi nyuma. Ukichora kona ya pembe kali kwa kuokoa mahali, madereva wataipanda mwezi wa kwanza. Jengo la mita 10 kwa 14, kama ulivyotaka, liweke kuanzia mita 18 kutoka mstari wa mbele hadi mita 32, na mita moja ya njia ya miguu kila upande wake. Zile mita 4 za nyuma ya jengo zitachukua tanki la maji na gurupu la umeme. Dirisha liwe upande wa kutokea, kwenye mita 20 kutoka mbele.

Mbele ya jengo unabaki na uwanja wa mita 12 kwa 18. Weka safu mbili za magari zinazotazamana: ya kwanza mgongo kwenye ukuta wa mbele, kina mita 5, kisha njia ya mita 6 ya kugeuzia, kisha safu ya pili ya mita 5, kisha mita 2 za kutembea mbele ya mlango. Kila gari upana wa mita 2.5, kwa hiyo nne mbele na nne nyuma, jumla 8. Katika safu iliyo karibu na mlango nafasi moja iwe ya mita 3.3, kwa mtu wa kiti cha magurudumu, na sakafu yake iwe karibu tambarare, mteremko usizidi 2 kwa 100. Nafasi mbili kati ya hizo nane ziandike “Kungoja oda”. Upana unaobaki kando ya magari ni njia ya watu wa miguu, na iwe na mlango wake mdogo kwenye ukuta. Usiwalazimishe wapite kwenye lango la magari.

Ile njia ya mita 6 kati ya safu mbili ina kazi nyingine: mtu aliyeona foleni ni ndefu na kubadili mawazo anakata hapo na kutoka. Bila mahali pa kutorokea, gari moja lenye haraka linapiga honi mpaka jirani anakwenda kwa burgumestri, mkuu wa komine. Kutoka mdomo wa njia hiyo hadi dirishani, kwa kuzunguka nyuma, kuna mita 55 hivi. Magari 9 yanakaa bila kuziba parkingi. Linganisha na hesabu ya juu: kwa dakika 2 na nusu parsele yako inatosha na ziada ya magari mawili, kwa dakika 3 haitoshi. Namba hiyo iandike kwenye maelezo ya plan. Ofisa akiona umehesabu foleni na umeonyesha gari moja moja kwenye mchoro, mazungumzo yanabadilika.

Kuna jambo ambalo michoro ya kunakili kutoka nje haina: usukani. Ukizunguka kama nilivyoeleza, jengo linakuwa kushoto kwa dereva, na dirisha linamfaa mwenye usukani wa kushoto. Lakini mjini kwetu magari ya usukani wa kuume ni mengi mno, yale yanayotoka Japani yakipitia Dar es Salaam au kusini. Dereva wake yuko upande wa ukuta wa jirani. Atafungua mlango, atazunguka gari, na sekunde 40 zinakwenda. Dawa yake ni mita moja ya njia ya miguu iliyoinuliwa hata upande wa ukuta, kwa urefu wa mita 7 mbele ya dirisha, na mhudumu anayekatiza mbele ya gari lililosimama akiwa na mfuko mkononi. Kwa hiyo mita 7 hizo zinataka ukanda wa mita 5 badala ya 4. Uchukue huo mmoja kwenye jengo, usiuchukue kwenye njia. Funika mahali hapo kwa paa lenye kimo cha mita 3 au zaidi. Meza ya dirisha iwe mita moja juu ya njia, na pande zake simika mabomba ya chuma ya milimita 100 yaliyojazwa beto, kimo cha mita moja. Ukuta wa dirisha bila mabomba hayo unagongwa.

Pikipiki zisiingie kwenye foleni ya magari. Zinapenya pembeni, na mlango ukifunguliwa ghafla mtu anaumia. Manseba wanaokuja kuchukua oda wape mahali pao karibu na mlango mdogo, mita 1 kwa 2.2 kila mmoja. Nafasi sita zinachukua mita za mraba 13 tu, na zitakuletea mauzo kuliko nafasi mbili za magari. Ukikosa mahali, toa nafasi moja ya gari na uwape wao.

Lango la kuingilia lisifunguke kwa nje, na wakati wa kazi libaki wazi. Kama lazima zamu, yaani mlinzi, asimamishe magari, asimame mita 6 ndani, ili gari linalosubiri lisikae juu ya njia ya miguu. Lango la kuteleza ndilo jema. Upana mita 4. Kwenye mlango wa kutokea, ukuta wa pande zote mbili ushushwe usizidi sentimita 80 kwa mita 2.5 za mwisho, ili dereva aone watu kabla pua ya gari haijatokeza, na weka tuta dogo mita 2 kabla ya mstari wa borne.

Kanivo usiizibe kwa udongo na mawe, hata kwa wiki za ujenzi tu. Juu yake weka dale, yaani vifuniko bapa, za beto zenye nondo, zinazoinuliwa ili kusafisha, na upana wa kanivo ubaki ule ule. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ya saa moja inaweza kushusha milimita 50. Kwenye mita za mraba 600 za pave, yaani matofali ya kusakafia, hizo ni mita za ujazo 30 za maji, na ukizimwaga zote barabarani jirani wa chini atazipokea sebuleni. Chimba shimo la kunyonya la mita za ujazo 10 angalau, lililojazwa mawe, kwenye uwanja wa mbele, na pitisha maji ya njia ya magari kwanza kwenye chumba cha kutenga mafuta. Chini ya pave za sentimita 8 weka sentimita 5 za mchanga, na chini yake sentimita 20 za laterite iliyoshindiliwa kwa mashine, tabaka mbili za sentimita 10 kila moja. Anayeshindilia sentimita 20 kwa mara moja anashindilia juu tu. Pave zitashuka mbele ya dirisha, hasa pale magari yanaposimama siku nzima. Fosi septiki isikae chini ya njia, ila kama umelipia dale ya kubeba lori.

Faili linalokwenda urbanismu liwe na nakala ya hati ya ardhi, croquis ya kadastri yenye borne, plan ya mahali, na plan ya parsele kwa kipimo cha 1/200 inayoonyesha milango, mishale, magari ya foleni yamechorwa, nafasi za parkingi na vipimo vyake, kanivo na maji ya mvua. Kama gurupu lako ni kubwa na utaweka tanki la mazutu (dizeli), uliza mapema kama utahitaji kibali cha mazingira pia, maana kinachukua muda wake.

Na kabla ya kumwaga beto hata ndoo moja, piga vigingi na kamba juu ya udongo kwa vipimo vyote hivi. Azima pikapu ya kabini mbili, mwambie dereva azunguke mara tano bila kurudi nyuma. Halafu simamisha magari tisa kwenye kamba, pima umbali wa la mwisho hadi mstari wa borne, na jaribu kuingiza gari la kumi kwenye parkingi. Kigingi kinachogongwa ndipo mahali pa kusahihisha mchoro, na siku hiyo itakugharimu kamba na mafuta tu.